Kusikika na Kueleweka: Vitendo Uneni katika Mawasiliano ya Redio baina ya Marubani na Waongoza Ndege

Utangulizi

Mwanzoni mwa Septemba 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikikaribia uwanja wa Embakasi, Nairobi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Katika chumba cha marubani, namba iliyosikika na kufuatwa ilikuwa 5,000. Uwanja huo uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo ndege ilikuwa ikishuka kuelekea kimo ambacho, kwa hesabu, kiko chini ya ardhi. Ilipotoka mawinguni, ardhi ilikuwa karibu mno, nao marubani wakaipandisha upesi ikiwa imesaliwa na umbali usiofika futi mia moja. Hakuna aliyeumia.

Tukio hilo linaelezeka bila ya nadharia kubwa: namba moja ilitamkwa, nyingine ikasikika, na hakuna aliyeigundua tofauti kwa wakati. Sehemu kubwa ya maelezo yanayotolewa kuhusu mkanganyiko wa redio angani huishia hapo, kana kwamba tatizo zima ni la sikio. Makala hii inashughulikia mkanganyiko wa namna nyingine, ambao ni mgumu zaidi kuutambua: ule ambapo maneno yote yalisikika sawasawa, yakajibiwa kwa adabu, na bado msemaji na msikilizaji wakaachana wakiwa na imani mbili tofauti kuhusu jambo lililotendeka kwa maneno hayo. Inadaiwa hapa kwamba ajali ya Tenerife ya mwaka 1977 na ile ya ndege ya Avianca karibu na New York mwaka 1990 ni za aina hiyo, na kwamba kinga kuu ya mawasiliano ya anga, yaani kurudia agizo, haikuundwa kuikabili.

Msingi wa uchambuzi ni Nadharia ya Vitendo Uneni iliyoasisiwa na J. L. Austin na kuendelezwa na John Searle. Kwa mujibu wa nadharia hii, kusema si kuarifu tu. Zipo kauli ambazo kuzitamka ni kulitenda jambo lenyewe. Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili ni ndoa ya Kiislamu. Walii anapotamka kuwa amemwoza bwana harusi binti yake, hatoi taarifa ya tukio lililokwisha kutokea mahali pengine, anaoza. Naye bwana harusi hatakiwi kujibu "sawa" tu. Hutamka kwamba amekubali kumuoa binti aliyetajwa kwa mahari yaliyotajwa, na akikosea hurudishwa nyuma akatamka upya mbele ya mashahidi. Utaratibu huo una mambo mawili ambayo mnara wa kuongozea ndege nao unayahitaji: kauli maalumu iliyofungwa kwenye tendo moja, na jibu linaloonyesha kwamba tendo hilo limepokewa.

Njia ya sauti na kinga yake

Mawasiliano ya kawaida kati ya rubani na mnara hupita katika masafa ya redio ya VHF, kuanzia takribani megahezi 118 hadi 137. Wote walio katika masafa yaleyale husikilizana, lakini anayeweza kusema kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, wasikilizaji hupata mluzi mkali unaofunika au kuvuruga kauli zote mbili. Waliobonyeza wenyewe hawausikii, kwa kuwa redio inayotuma haipokei. Kila mmoja wao hubaki na yakini kwamba amesema na amesikika.

Kinga iliyowekwa dhidi ya udhaifu wa njia hii ni kurudia agizo. Rubani akipewa kimo, mwelekeo au ruhusa ya kuingia katika njia ya kurukia, huitamka tena, naye mwongoza ndege husikiliza marudio hayo na kuyasahihisha. Matamshi ya tarakimu nayo yamerekebishwa ili zisifanane: tisa ya Kiingereza hutamkwa "niner" na tatu hutamkwa "tree". Mwenye Kiswahili hapaswi kuwaonea Waingereza huruma katika hili, kwani "sita" na "tisa" zina sauti zilezile zilizobadilishana nafasi tu, na katika redio yenye mikwaruzo zingeleta balaa lake.

Kinga hiyo ni nzuri, ila inategemea kwamba mwongoza ndege anasikia anachoambiwa badala ya anachokitarajia. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa ikielekea kutua Kuala Lumpur. Agizo lilikuwa "descend two four zero zero", yaani ishuke hadi futi 2,400. Kwa kuwa tarakimu "two" na kihusishi "to" hutamkwa sawa, marubani walielewa kwamba washuke hadi futi 400. Jibu lao lilikuwa "Okay, four zero zero." Kosa likawa limetamkwa hewani, waziwazi, mbele ya mtu mwenye wajibu wa kulinasa, halikunaswa. Ndege iligonga kilima na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Hapa kurudia agizo kulifanya kazi yake kwa nusu: kosa lilirudishwa kwa mtoaji, mtoaji akalipokea kama usahihi.

Ipo pia kinga ya pili ambayo haitajwi sana. Katika msamiati rasmi wa redio, "roger" ina maana moja tu: nimepokea kauli yako yote. Haina maana ya "ndiyo", wala "nitafanya". Mwenye kukubali kutekeleza husema "wilco". Walioutunga msamiati huu walitenganisha kusikia na kuahidi, jambo ambalo lugha ya kila siku hulichanganya kwa makusudi na kwa faida. Neno "OK", ambalo hujigeuza kuwa salamu, ridhaa, kituo cha pumzi au "nimekusikia", halimo katika msamiati huo, na sababu yake itaonekana punde.

Tenerife, 27 Machi 1977

Siku hiyo bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa Gran Canaria, na ndege nyingi zikaelekezwa katika uwanja mdogo wa Los Rodeos kwenye kisiwa jirani cha Tenerife. Miongoni mwake zilikuwamo Boeing 747 mbili: KLM 4805 ya Uholanzi na Pan Am 1736 ya Marekani. Ndege zilizoegeshwa zilijaa hadi kuziba barabara ya kiungio, hivyo kila iliyotaka kuondoka ililazimika kutembea juu ya njia ya kurukia yenyewe hadi mwisho wake, kisha igeuke. Wingu lilishuka uwanjani. Mnara haukuziona ndege, ndege hazikuonana, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini. Kila alichokijua mtu kuhusu mahali alipo mwenzake alikijua kwa redio.

KLM ilifika mwisho wa njia na kugeuka. Pan Am ilikuwa ikiifuata kwenye njia ileile, ikiwa imeagizwa itoke katika mchepuko wa tatu. Agizo hilo lilizua shaka kama ni wa kwanza au wa tatu, hata mwongoza ndege akalazimika kuhesabu moja, mbili, tatu. Mchepuko wenyewe ulidai kona kali ya kurudi nyuma, nayo ndege ikaupita ikielekea wa nne.

Kilichofuata ni mazungumzo mafupi yanayostahili kusomwa polepole. Rubani msaidizi wa KLM aliuarifu mnara kwamba wako tayari kuruka na kwamba wanasubiri kibali cha safari. Katika sentensi moja aliweka mambo mawili ambayo kisheria ni mbalimbali. Kibali cha safari hueleza njia itakayofuatwa angani: uelekeo, kimo, mahali pa kukata kona. Kibali cha kuruka ndicho huruhusu ndege kuanza kukimbia. Mwongoza ndege alijibu jambo la pili kati ya hayo mawili. Alitoa kibali cha safari. Ndani ya kibali hicho lakini mlikuwamo neno "take-off", kwa kuwa ndege ilielekezwa ipinde kulia baada ya kuruka. Aliyeomba mawili akapata jibu lenye dalili za yote mawili.

Rubani msaidizi alirudia kibali hicho kwa usahihi, kama kanuni inavyotaka. Nahodha, aliyekuwa mkufunzi wa ngazi ya juu katika shirika lake, alikuwa amekwisha kuachia breki kabla marudio hayajaisha. Ndipo rubani msaidizi akaongeza maneno yaliyojadiliwa kuliko mengine yoyote katika historia ya redio ya anga: "We are now at take-off."

Je, hayo yalikuwa tendo gani? Kwa msemaji, ilikuwa taarifa ya mwendo: tunaruka. Kwa mwongoza ndege Mhispania, ilikuwa taarifa ya mahali: tuko pale pa kurukia, tunangoja. Steven Cushing, katika kitabu chake *Fatal Words* cha mwaka 1994, amelihusisha umbo hilo na lugha ya kwanza ya msemaji. Kiholanzi huonyesha hali ya kuendelea kwa kutumia kihusishi pamoja na kitenzi-jina, na huenda umbo hilo ndilo lililovikwa maneno ya Kiingereza katika sekunde za haraka. Maelezo hayo yanaridhisha, ingawa hayapaswi kufanywa kuwa kosa la Waholanzi. Mswahili anayeinuka barazani na kuaga kwa kusema "nakuja" anaelewa kwamba kitenzi kinaweza kuelekea upande mmoja na mwenye kukisema akaenda upande mwingine, bila ya yeyote pale barazani kukanganyikiwa. Barazani wanamwona akiondoka. Mnara wa Los Rodeos haukuona kitu.

Mwongoza ndege alijibu "OK", akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: angoje, ataitwa. Wakati huohuo rubani wa Pan Am, ambaye aliielewa kauli ya KLM na kutaharuki, alibonyeza kitufe kusema kwamba wao bado wamo njiani. Kauli mbili zenye kuokoa maisha zikagongana. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM ukasikika mluzi wa takribani sekunde nne. Kilichowafikia kwa usafi ni lile neno moja la mwanzo, "OK".

Ni kawaida kuulaumu mluzi huo, na ni kweli kwamba bila ya mluzi ndege ingeweza kusimama. Hata hivyo mluzi ulifunika masahihisho; kosa lenyewe lilikuwa limekwisha kuzaliwa kabla yake, katika kauli zilizosikika vizuri kabisa. Kurudia agizo kulifanyika. Maneno yaliyorudiwa yalikuwa sahihi. Kilichokosewa hakikuwamo katika maneno, bali katika jina la tendo: upande mmoja ulitoa kibali cha safari, upande wa pili ukapokea kibali cha kuruka, na marudio ya kibali cha safari yasiyo na dosari hayawezi kuifichua tofauti hiyo.

Nafasi ya mwisho ilikuja sekunde chache baadaye. Mnara uliitaka Pan Am itoe taarifa itakapoondoka njiani, nayo ikaahidi kufanya hivyo. Mhandisi wa ndege wa KLM alizisikia kauli hizo, akauliza kwa Kiholanzi kama yule Mmarekani bado hajatoka. Nahodha akamjibu kwa mkazo kwamba ametoka. Swali liliulizwa kwa namna ya swali, likajibiwa kama swali. Lingeweza kuwa onyo, lakini cheo cha aliyeuliza na cha aliyeulizwa havikuruhusu liwe hivyo kwa urahisi. Watu 583 walikufa: wote 248 waliokuwa ndani ya KLM na 335 wa Pan Am. Walionusurika, 61, wote walikuwa wa Pan Am.

Avianca 052, 25 Januari 1990

Ndege ya Avianca, Boeing 707 iliyotoka Bogotá kupitia Medellín, ilifika katika anga ya kaskazini-mashariki ya Marekani jioni yenye hali mbaya ya hewa. Ilizungushwa mara tatu ikisubiri zamu ya kutua katika uwanja wa Kennedy, jumla ya muda wa saa moja na robo na zaidi kidogo. Rubani msaidizi ndiye aliyezungumza na waongoza ndege, kwa kuwa Kiingereza cha nahodha kilikuwa hafifu. Alipoulizwa wanaweza kungoja kwa muda gani, alisema kama dakika tano, na kwamba wanadhani wanahitaji kipaumbele. Alipoulizwa uwanja wa akiba, alitaja Boston, akaongeza kwamba sasa hawawezi tena kufika huko.

Msomaji aliyeketi huona hapo kilio cha hatari. Walioisikia kauli hiyo hawakuiona hivyo. Taarifa ya dakika tano ilipelekwa mbele kwa kituo kilichofuata. Maneno kuhusu kipaumbele na Boston hayakupelekwa, kwa kuwa mwongoza ndege aliyekuwa akikabidhi hakuyasikia. Ndege ikapokewa na watu wapya kama ndege ya kawaida iliyochelewa pamoja na nyingine nyingi.

Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana. Nahodha alimwambia msaidizi wake kwa Kihispania awaambie kwamba wako katika dharura. Msaidizi alibonyeza kitufe, akarudia mwelekeo aliopewa, akasema watajaribu tena, na mwishoni kabisa akaongeza: "We're running out of fuel." Nahodha alipomuuliza baadaye kama amewaambia, alijibu kwamba ndiyo, amekwisha kuwaarifu.

Hakuwa mwongo. Kwa ufahamu wake tendo lilikuwa limetendeka. Lakini kauli hiyo, kwa umbo lake, ni taarifa, na ni taarifa iliyo kweli kwa kila ndege iliyo hewani tangu inapoacha ardhi: mafuta yanapungua. Waongoza ndege walieleza katika uchunguzi kwamba maneno ambayo yangewafanya waiondoe ndege katika foleni ni kama "emergency" au "mayday". Hakuna hata moja kati ya hayo lililotamkwa. Mahali pa kauli katika sentensi nako kulichangia. Jambo zito liliwekwa mkiani mwa marudio ya kawaida, mahali ambapo sikio lililokwisha kuthibitisha namba hupumzika.

Dakika chache baadaye mwongoza ndege aliwaeleza kwamba atawapeleka maili kama kumi na tano kaskazini-mashariki kabla ya kuwarudisha, akauliza kama hilo linawafaa wao na mafuta yao. Rubani msaidizi alijibu: "I guess so. Thank you very much." Hilo lilikuwa swali la moja kwa moja kuhusu jambo lenyewe, na jibu la upole likalizima. Injini zilizimika kwa kukosa mafuta, ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa.

Imeelezwa mara nyingi kwamba hapa palikuwa na tatizo la utamaduni: heshima kwa wakubwa, woga wa kumkera mwongoza ndege wa jiji kubwa. Pengine. Maelezo hayo yanahitaji tahadhari, kwa kuwa huhamisha udhaifu wa mfumo na kuuweka katika tabia ya taifa. Upole wa rubani huyo haukuzidi ule ambao msemaji yeyote huutumia mbele ya mtu mwenye mamlaka na shughuli nyingi. Kilichokosekana ni kauli ambayo hata ikisemwa kwa sauti ya chini na kwa "tafadhali" isingeweza kusikika kama kitu kingine.

Marekebisho na mipaka yake

Mabadiliko yaliyofuata Tenerife yaligusa moyo wa tatizo kuliko inavyodhaniwa. Neno "take-off" lilitengwa. Leo halitamkwi hewani ila mnara unapotoa kibali cha kuruka au kukifuta, na rubani anapokirudia. Kwingineko kote husemwa "departure". Ndege inayotakiwa kuingia katika njia ya kurukia na kusimama huambiwa "line up and wait". Neno moja limefungwa kwenye tendo moja, kama ilivyo kauli ya walii, na hivyo kulisikia neno ni kulijua tendo.

Fundisho la New York lilichukua muda mrefu zaidi. Taratibu za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zilizoanza kutumika mwaka 2012 zinapambanua kauli mbili. "Minimum fuel" huarifu kwamba ucheleweshaji zaidi hautavumilika, ingawa bado si dharura. "Mayday fuel", ikitamkwa mara tatu kwa kanuni yake, ni tangazo la dharura. Kati ya kauli hizo mbili hakuna nafasi iliyobaki ya "nadhani tunahitaji kipaumbele".

Njia nyingine ya marekebisho ilikuwa kupima lugha. Tarehe 12 Novemba 1996 ndege ya abiria ya Saudi Arabia na ndege ya Kazakhstan ziligongana angani karibu na Charkhi Dadri, India, na watu 349 wakafa; uwezo wa lugha ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa baada ya hapo. ICAO iliridhia mwaka 2003 vigezo vya umilisi wenye ngazi sita, ngazi ya nne ikiwa ya chini kabisa inayokubalika kwa rubani au mwongoza ndege wa safari za kimataifa. Vilipaswa kutekelezwa ifikapo Machi 2008, kisha nchi ambazo hazikuwa tayari zikaongezewa muda hadi 2011. Hupimwa matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, ufahamu na mwingiliano wa mazungumzo.

Vigezo hivyo vina faida isiyokanushika, na kwa marubani na waongoza ndege wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao hufanya kazi kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, vimekuwa sharti la leseni. Ila havipaswi kubebeshwa mzigo usio wao. Rubani msaidizi wa KLM alirudia kibali kirefu kwa Kiingereza bila ya kosa. Yule wa Avianca alijibu kila alichoulizwa kwa wepesi, na wasikilizaji wake walikuwa Wamarekani waliozaliwa na lugha hiyo. Ufasaha hata una hatari yake: msemaji mwepesi hutoka katika msamiati rasmi kwa urahisi, huku mwenye lugha ya kujifunza akiushikilia kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Jambo lingine ni kwamba mtahiniwa hupimwa akiwa peke yake mbele ya mtahini. Katika matukio mawili yaliyochambuliwa hapa, kauli iliyokwenda hewani ilikuwa imetanguliwa au kufuatwa na nyingine ndani ya chumba cha marubani, kwa lugha nyingine, kati ya watu wasio sawa kwa cheo: swali la mhandisi kwa Kiholanzi, agizo la nahodha kwa Kihispania. Safari ya tendo kutoka katika lugha ya chumbani hadi katika Kiingereza cha redio ni ya sekunde mbili au tatu, na aghalabu anayeifanya ni yule aliye mdogo zaidi chumbani. Vinasa sauti vya ndege huihifadhi. Rekodi za mnara haziihifadhi, kwa kuwa huanza pale kitufe kinapobonyezwa. Na ni rekodi hizo za mnara ambazo watafiti wa isimu huzipata kwa wingi zaidi.